Motokaa Kuukuu Iliyozishinda Mpya

Mkazi wa Iyolwa hahitaji kuelezwa matope ya mwezi wa Aprili ni kitu gani. Mvua zikishaanza kati ya Tororo na Busia, udongo wa njia za vijijini hunata miguuni, na baiskeli iliyozoea kumbeba mwenyewe hugeuka ikabebwa yeye. Dereva wa askari anayeiacha barabara kuu wakati huo hutafuta kwanza jembe na kamba, ndipo awashe injini.

Mvua hizo hizo ndizo zilizoyapa sifa mashindano ya motokaa ya Safari. Yalianzishwa mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakazoeleka kufanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mtu mwenye busara huiacha motokaa yake nyumbani.

Miongoni mwa motokaa zilizojipatia jina humo ni Volvo PV 544, iliyotengenezwa Sweden tangu 1958. Kwa sura haikuwa na la kujivunia. Ilikuwa na milango miwili, na mgongo wake uliinama kama wa kobe. Umbo lake lilifuata mtindo wa motokaa za Marekani za miaka ya 1940, nalo lilikuwa limekwisha kupitwa na wakati. Lakini bodi yake ilikuwa imara, tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi, na injini yake ya lita 1.8 ilivumilia kazi ngumu. Wenye familia watapenda kujua pia kwamba ilikuwa miongoni mwa motokaa za kwanza duniani kuuzwa, kuanzia 1959, na ule mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni ambao leo uko katika kila gari jipya.

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta timu yake katika Safari. Madereva wake hawakuwa wanagenzi. Mmoja wao, Tom Trana, alikuwa ameshinda mashindano makubwa ya Uingereza mwaka uliotangulia kwa motokaa ya aina hiyo hiyo. Hata hivyo njia za Afrika Mashariki ziliwashinda, na ushindi ukachukuliwa na Peter Hughes kwa Ford Cortina. Volvo zile zilizochakaa hazikurudishwa Ulaya. Zilibaki Nairobi kutafutiwa mnunuzi.

Mnunuzi wa mojawapo alikuwa Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa mshindani. Alikulia katika kazi ya gereji, kisha akaajiriwa na chama cha wenye motokaa kupita barabarani akiwasaidia walioharibikiwa. Mtu wa namna hiyo huzijua motokaa kwa magonjwa yake. Anajua ni sipringi gani hukatika na ni nati gani hulegea baada ya mawe ya maili mia moja; wala haoni haya kulala chini ya motokaa, hata kama amevaa nguo safi.

Basi motokaa ile ile iliyorudi na aibu mwaka 1964 ikakarabatiwa, na Aprili 1965 ikaanza safari ikiwa na namba 1, Joginder kwenye usukani na ndugu yake Jaswant pembeni. Kutangulia kulikuwa na faida yake: penye vumbi hawakula vumbi la mtu, na penye matope walipita kabla magurudumu ya wengine hayajachimba mitaro. Lakini kutangulia peke yake hakuleti ushindi wa zaidi ya saa moja na nusu mbele ya anayefuata, na ndivyo walivyoshinda ndugu hao wawili, bila kiwanda chochote nyuma yao. Kabla ya hapo hakuna dereva mkuu asiye wa asili ya Kizungu aliyekuwa ameshinda Safari. Watu wakamwita Joginder Simba wa Kenya.

Tena tusisahau kwamba wageni kutoka ng'ambo, pamoja na fedha zao na mafundi wao, waliendelea kushindwa kwa miaka mingine saba, hadi Hannu Mikkola wa Finland alipofaulu mwaka 1972 na Ford Escort. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiendesha Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoingia alizimaliza 19, na labda hesabu hiyo inamweleza vizuri kuliko vikombe vyake vitatu. Alifariki London mwezi Oktoba 2013.

Ama PV 544 yenyewe, kiwanda kiliacha kuitengeneza Oktoba 1965, miezi sita tu baada ya ushindi ule. Ya mwisho ilitoka kiwandani ikapelekwa moja kwa moja kwenye jumba la makumbusho, magurudumu yake yakiwa safi.