Same na wastani usioshibisha

Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mvua za masika zikiwa zinaaga, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, unaoanzia Juni hadi Agosti. Maneno yake yamezoeleka: baridi na ukavu katika sehemu kubwa ya nchi, upepo wa kusi, na mvua za hapa na pale katika ukanda wa pwani. Mkoa wa Kilimanjaro, ilipo wilaya ya Same, hutiwa kapu moja na Arusha na Manyara, katika kanda ya nyanda za juu kaskazini mashariki. Mkazi wa Same akishasikia hayo bado ana kazi ya kufanya, kwa sababu wilaya yake haina kipupwe kimoja.

Shuka stendi ya Same mwezi Julai. Upepo umeanza tangu asubuhi, vumbi linatimka, na nyasi za kandokando ya barabara kuu ya Moshi zimekauka kitambo. Juani kuna joto, kivulini unatafuta sweta. Kisha panda kuelekea Chome. Kwa kawaida, kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kwa nyuzi sita hivi, na kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, kimeupita mji wa Same kwa zaidi ya mita 1,500. Piga hesabu: kati ya stendi na kilele kuna tofauti ya nyuzi karibu kumi, siku hiyohiyo, ndani ya wilaya hiyohiyo. Vuka mlima uangukie upande wa Mamba na Vunta, utakuta ukungu umelala mpaka saa nne asubuhi na migomba inadondosha maji ingawa hakuna aliyesikia mvua ikinyesha.

Sababu iko baharini. Wakati wa kipupwe kusi huvuma kutoka kusini mashariki, ukipita juu ya Bahari ya Hindi na kubeba unyevu. Watu wa pwani wanaujua kwa mvua za mchoo. Ukiingia bara unakutana na ukuta wa milima ya Upare. Hapo hewa inalazimika kupanda, inapoa, na unyevu wake unageuka kuwa mawingu, ukungu na manyunyu upande wa mashariki. Hewa inayoteremkia upande wa pili, kuelekea Makanya, Hedaru na Same mjini, imeshaacha maji yake mlimani. Ndiyo maana mji wa Same unapata kama milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka mzima, wakati miteremko inayoitazama bahari inapata zaidi ya 1,000. Mvua ya Upare ni ya bahari, na mlima ndio unaoigawa.

Kwa hiyo tangazo la kipupwe lina tafsiri mbili. Kwa mkulima wa tangawizi wa Mamba, baridi na unyevu ni kawaida ya msimu, na anachochunga ni barabara za mlimani zinazoteleza anapotaka kushusha mzigo. Kwa mfugaji wa tambarare, kipupwe ni hesabu ya malisho: nyasi zilizoachwa na masika zinatakiwa zivushe mifugo hadi Novemba, na kila wiki ya upepo mkavu inazipunguza. Zahanati za pande zote mbili hupokea watoto wenye mafua na kikohozi. Hapo mlima haubagui.

Lakini kipupwe chenyewe hakiondoi njaa wala hakiileti. Uzito wake ni kwamba kinaishia Agosti, na Agosti ndiyo TMA hutoa mwelekeo wa vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwa tambarare ya Same huo ndio utabiri wa mwaka. Ndipo familia inapoamua ipande nini, iuze ng'ombe mmoja au isubiri, iweke akiba ya mahindi au iyapeleke gulioni.

Hapa namba zinahitaji kusomwa polepole. Kwa vipimo vya TMA, mvua huitwa za wastani zinapokuwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Chukua shamba la tambarare ambalo kwa kawaida hupata milimita 200 kwa vuli nzima. Likipata 150, ni wastani. Likipata 250, ni wastani vilevile. Mahindi ya muda wa kati yanahitaji kama milimita 500 kutoka kupandwa hadi kukomaa. Mkulima huyo anaweza kutangaziwa mvua za wastani, utabiri ukatimia kama ulivyotolewa, na bado akavuna mabua. TMA haitakuwa imekosea kitu. Ni kwamba wastani wa tambarare ya Same, hata ukifika wote, hautoshi kulea mahindi.

Wazee wa Upare walilijua hilo kabla ya kipima mvua cha kwanza kusimikwa. Jibu lao linaitwa ndiva. Ni bwawa dogo la udongo, siku hizi mengine yamejengewa kwa mawe na saruji, linalochukua maji ya kijito kinachoshuka mlimani. Usiku maji yanaingia na kujaa. Asubuhi tundu la kutolea maji linafunguliwa, maji yanashika mfereji, na kila shamba linapata zamu yake. Kijito ambacho peke yake kingekauka njiani kabla ya kufika shamba la mwisho, kikikusanywa usiku kucha kinapata nguvu ya kufika. Zamani ndiva nyingi zilikuwa chini ya ukoo, leo zinasimamiwa na kamati, na mwaka wa ukame zamu ndiyo chanzo cha ugomvi na ndiyo suluhisho lake. Ndiva ya Manoo, kijijini Bangalala, imetembelewa na watafiti kutoka nchi nyingi waliokuja kujifunza kilimo cha maeneo makavu.

Chini zaidi, Makanya, mbinu ni nyingine. Huko mtu hatazami wingu lililo juu ya shamba lake, anatazama mlima. Mvua ikipiga Vudee na Chome, maji yanateremka kwa kishindo korongoni, na kazi ni kuyakinga na kuyageuzia mashambani kabla hayajapita. Shamba linaweza kulowa bila tone moja kuanguka juu yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamefanya kazi miaka mingi katika maeneo haya juu ya uvunaji wa maji ya mvua, na tafiti za bonde la Makanya zinaonyesha kuwa vipindi virefu vya ukavu katikati ya msimu vimeongezeka ukilinganisha na miongo ya nyuma. Mvua inaweza kufika jumla yake ya kawaida lakini ikaja kwa mikupuo miwili, katikati yake wiki tatu za jua. Mahindi yanayochanua hayangoji wiki tatu.

Kinachoamua vuli itakuwaje kiko mbali na Upare. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito, na hali hiyo ikigeuka, vuli hukatika. El Niño mara nyingi huongeza mvua, La Niña huzipunguza. Vuli ya 2019, joto la bahari lilipoelemea upande wetu kwa nguvu isiyo ya kawaida, Afrika Mashariki ilifurika. Vuli ya 2021 ilikuwa kinyume chake: mwanzoni mwa 2022 mizoga ya ng'ombe ilitapakaa Simanjiro, majirani wa Same ng'ambo ya Mto Pangani.

Mvua nyingi nazo si neema kwa kila upande. Novemba 2009, mwaka wa El Niño, maporomoko ya udongo yaliua watu wasiopungua 20 huko Goha, Mamba Miamba. Mvua ambayo tambarare ingeipokea kwa shangwe, mlimani ilifukia nyumba. Utabiri wa juu ya wastani unapotolewa kwa kanda nzima, Makanya inausikia kama habari njema, na Mamba inapaswa kuusikia kama onyo.

Katika miaka ya karibuni TMA imeanza kutoa mwelekeo hadi ngazi ya wilaya, na hiyo ni hatua kubwa. Same inadai hatua moja zaidi, ya kuutenga mlima na tambarare, na kuutenga mteremko wa mashariki na wa magharibi. Ujuzi wa wenyeji una nafasi hapo. Dk. Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye alishika uongozi wa TMA, alishirikiana na wenzake mwaka 2010 kuchapisha utafiti wa wilaya za Rungwe na Kilolo kuhusu namna wakulima wanavyosoma msimu kwa miti, ndege na wadudu. Upare una wasomaji wa namna hiyo, nao wanasoma bonde lao, si kanda.

Hata maji ya bomba yameibadili ramani ya utabiri. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, unachota maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo hujazwa na mito inayotoka Meru na Kilimanjaro. Mkazi wa Same mjini sasa ana sababu ya kusikiliza mvua ya Arusha na ya Moshi kana kwamba ni yake.

Utabiri wa vuli unaotolewa Agosti unaweza kuwa na faida zaidi bila mtambo mpya. Kila kijiji kikiwa na kipima mvua shuleni na daftari la kuandika milimita kila asubuhi, baada ya miaka michache kitajua wastani wake chenyewe, na asilimia za TMA zitakuwa na maana shambani. Ofisa ugani akilisoma tangazo kwenye mkutano wa kijiji, alete na majibu ya maswali matatu: mvua zitaanza lini, je, ukavu wa katikati unatarajiwa, na milimita zinazotegemewa zinatosha zao lipi. Mpaka hapo, kanuni ya Same ni rahisi. Wakitangaza chini ya wastani, tambarare ipande mtama na kunde na ipunguze mifugo mapema. Wakitangaza juu ya wastani, mlimani waihame miteremko inayomeguka. Wakitangaza wastani, watu wasishangilie: wazibue mifereji na kurekebisha ndiva kabla ya Oktoba, kwa sababu pengo la milimita linabaki palepale.