Kinundu cha GeV 95: Je, Higgs Ina Ndugu?

Agosti 2016, wakati Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi ikifundisha vijana mjini Kigali, mkutano wa wanafizikia wa Chicago ulizika chembe ambayo haikuwahi kuwapo. Desemba 2015 ATLAS na CMS, majaribio mawili ya mtambo wa kugonganisha protoni huko CERN, yalionyesha jozi za fotoni zimezidi kidogo, zikifanya kinundu kwenye grafu, penye uzito wa GeV 750 (GeV ni kizio cha uzito wa chembe). Makala zaidi ya 500 zikaandikwa kukifafanua. Takwimu zilipoongezeka, kinundu kikasawazika. Tangu hapo wapo wanaoona kutunga nadharia juu ya vinundu ni kupoteza wino. Mimi siafiki. Nadharia inayofaa haishii kueleza kinundu. Inalazimika kutaja kitu kingine kitakachoonekana, na wapi. Hapo ndipo inapoweza kukamatwa.

Leo kinachojadiliwa ni kinundu cha GeV 95. Mtambo wa LEP wa CERN, uliofungwa mwaka 2000, uliacha ziada ndogo ya kuaki za bottom karibu na GeV 98. CMS wakaona ziada ya fotoni kwenye GeV 95.4 kwa sigma 2.9, na ATLAS pale pale kwa sigma 1.7; sigma hupima jinsi ilivyo vigumu ziada kutokea kwa bahati tu. Ugunduzi hudai sigma 5. Tena, mvuvi wa Saadani, pwani ya Tanzania, akitega nyavu mahali mia kuelekea mlango wa mto Wami, wavu mmoja utajaa kamba kwa bahati tu. CMS nao walipekua uzito mwingi tofauti. Bahati hiyo ikihesabiwa, 2.9 inashuka hadi 1.3. Pingamizi hili ni zito na nalikubali. Ila mvuvi wa pili anayetega pale palipokwisha kutajwa hana tena bahati ya nyavu mia, ndiyo maana hata 1.7 ya ATLAS si ya kutupwa.

Sasa tuibane nadharia ya kinundu hiki, isemayo kuwa ni ndugu wa chembe ya Higgs. Higgs ya GeV 125, iliyotangazwa Julai 2012, yatosheka na uga mmoja. Ongeza uga pacha, utapata chembe tano: tatu zisizo na chaji, mbili zenye chaji. Ziada ya LEP ni kama sehemu ya kumi ya ile ambayo Higgs ya kawaida ya uzito huo ingetoa. Ya fotoni ni kama robo. Tofauti hiyo ina maana: chembe isiyoshikamana sana na kuaki za bottom huoza kwa nadra kuelekea huko, na fungu la fotoni hukua. Lakini ndugu huyo anapochanganyika na Higgs ya 125 humpunguzia nguvu ya kushikamana na chembe za W na Z, na vipimo vya nguvu hiyo vimekubaliana na nadharia sanifu, vikiacha nafasi finyu. Wapinzani watasema wananadharia wataongeza uga wa tatu wakatoroka. Waongeze, kila uga huleta chembe mpya ya kusakwa. Mtambo mpya wa kugonganisha elektroni na positroni ungemaliza ubishi: chembe hiyo ikizaliwa pamoja na Z, ukiipima Z peke yake, uzito wa mwenzake hujulikana hata akioza kwa njia ambayo hakuna aliyeitabiri.