Stempu ya Posta: Karatasi Ndogo Iliyomwondolea Mpokeaji Mzigo wa Gharama

Kabla ya mwaka 1840, nchini Uingereza gharama ya barua kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, wala si mtumaji. Bei ilipangwa kwa umbali na idadi ya karatasi. Hivyo, mtu wa kipato kidogo aliweza kuletewa barua ya ndugu yake hadi mlangoni, akalazimika kuikataa kwa kukosa fedha. Posta nayo ilikuwa imekwisha kuisafirisha bure.

Mwaka 1837 Rowland Hill alipendekeza kwamba mtumaji alipe kabla, na bei iwe moja nchini kote kulingana na uzito. Tarehe 6 Mei 1840 stempu ya kwanza ya kubandikwa, Penny Black, ilianza kutumika. Ilikuwa nyeusi, yenye picha ya Malkia Victoria, na kwa peni moja ilisafirisha barua isiyozidi nusu aunsi, yaani takriban gramu 14, popote nchini.

Kasoro hazikukosekana. Muhuri mwekundu uliogongwa juu ya stempu hiyo ulifutika kwa urahisi, hivyo stempu iliweza kutumika tena. Mwaka 1841 stempu ikafanywa nyekundu na muhuri ukawa mweusi. Aidha, stempu zilikatwa kwa mkasi hadi Posta ya Uingereza ilipoanza kutoa zenye matundu pembeni mwaka 1854.

Nchi nyingine zilifuata, Brazil ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1843. Tarehe 9 Oktoba 1874 ulitiwa saini mjini Bern, Uswisi, mkataba ulioanzisha chombo ambacho leo ni Umoja wa Posta Duniani. Ndiyo sababu Siku ya Posta Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

Katika ukanda wetu, Zanzibar mwaka 1895 ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina lake. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu za pamoja.

Kanuni ya mtumaji kulipa kabla ingali hai. Mwananchi anashauriwa kupimisha uzito wa barua yake posta, kubandika stempu pembe ya juu kulia ya bahasha, na kuandika kikamilifu namba ya sanduku la mpokeaji. Stempu ikipungua, barua huweza kuchelewa, au mpokeaji akadaiwa kiasi kilichopungua, na mzigo ukamrudia yule yule aliyeondolewa mwaka 1840.