Hofu za Kumweka Mwanasesere Nyumbani

Wanawake wanaokuja kwangu hapa Eldoret kupimwa nguo, aghalabu swali lao la kwanza si bei ya mshono. Hutazama juu ya kabati, wakamwona mwanasesere amekaa, miguu kaining'iniza, buibui limemwenea, kisha huniuliza: "Dada, huyu ni wa nini?" Wachache huuliza na la pili, nalo hulisema kwa sauti ndogo: amepatikana wapi, na kwa kiasi gani. Hao wa swali la pili ndio ninaowaandikia leo, maana nimeona wengi wao wanapenda lakini wanaogopa. Na hofu zao si za namna moja. Ziko zenye haki, na ziko ambazo ni maneno ya watu tu.

Kwanza tumjue ni nani. Si yule wa plastiki anayeuzwa barabarani, mguu ukichomoka umechomoka. Huyu ana viungo vya gololi: shingo, mabega, viwiko, kiuno, magoti na vifundo, vyote ni duara zinazokaa ndani ya vikombe vyake. Mwili wake uko wazi ndani kama mwanzi, na humo hupita lastiki nene iliyovutwa kwa kulabu kutoka kichwani mpaka miguuni. Ukimkunja mkono, hubaki vile vile ulivyomwacha. Macho hutolewa yakatiwa mengine, nywele hubadilishwa, na uso hupakwa rangi kwa mkono. Wajerumani na Wafaransa walitengeneza miili ya viungo vya duara tangu karne ya 19, lakini huyu wa leo, wa rezini, alianzia Japani mwaka 1999, kampuni ya Volks ilipomtoa Super Dollfie wa urefu wa yapata sentimita 60. Wakorea na Wachina wakafuata.

Hofu ya kwanza kwa Mwislamu, nayo sitaki kuipuuza, ni ya sanamu. Mtu aliyekua akisikia kuwa malaika hawaingii nyumba yenye sanamu hawezi kulala raha ilhali macho ya kioo yanamtazama kutoka pembeni. Lakini ziko hadithi za Bibi Aisha, zimo katika Bukhari na Muslim, kuwa alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wenziwe walipojificha kwa haya, Mtume alikuwa akiwarudisha kwake wacheze. Na katika mkusanyo wa Abu Dawud limo lile la farasi. Upepo ulifunua pazia, Mtume akawaona wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Akauliza, farasi naye ana mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Kwa hadithi hizi wanavyuoni wengi waliwaruhusu wanasesere kwa watoto wa kike. Wako waliosema ruhusa hiyo iliondolewa baadaye, na wako wanaotofautisha tambara lililofungwa fundo na sanamu iliyokamilika mpaka kucha. Je, na mtu mzima? Hapo ndipo penye mvutano hasa. Mimi ni fundi cherehani, si mwanachuoni, na sitamtolea mtu fatwa gazetini. Wangu hakai chumba ninachosalia, basi. Aliye na wasiwasi amwulize sheikh wake kabla ya kulipa, si baada, maana pesa zikishatoka hata swali huulizwa kwa kutafuta jibu tunalolitaka.

Nitaongeza neno moja. Mwaka 2003 kampuni ya NewBoy ilimtoa Fulla, mwanasesere wa abaya na mtandio, na nchi za Kiarabu akapendwa sana. Mwaka huo huo polisi wa dini wa Saudi Arabia walimtangaza Barbie kuwa ni hatari kwa maadili. Kwa wazazi wengi, basi, ugomvi haukuwa na mwanasesere, ulikuwa na mavazi yake.

Habari za uchawi sitakaa nazo. Watu wa bara na wa pwani wanafanana hapo: kitu chenye macho kisichopepesa huwatia hofu. Ukimfungua mbele yao, wakaona lastiki na kulabu, na ndani hamna kitu, maneno hupungua nusu.

Kuhusu utoto, nina hasira kidogo. Mwanamume atatumia Jumapili nzima kuliosha na kulipangusa gari lake na hapana atakayemwita mtoto. Wazaramo wana mwana hiti, yule wa mti mwenye mashungi mawili kichwani, na kazi yake ilikuwa na mwali aliyekwishavunja ungo, si na mtoto anayetambaa. Huku Uasin Gishu watoto walifunga magunzi ya mahindi mgongoni, na hao ndio hasa waliokuwa wakicheza. Basi hawa wetu wa rezini hawachezewi. Hushonewa, hupambwa, hupigwa picha.

Hofu yenye uzito ni ya pesa. Wadogo wa sentimita 25 au 30 huanza kama dola 100 hadi 200. Wakubwa hufika 500 na kupita. Tuchukue wa dola 300. Kwa kima cha shilingi 129 kwa dola, kama kilivyokuwa sehemu kubwa ya mwaka 2025, hizo ni shilingi 38,700. Bado nauli ya mzigo. Ukifika Kenya hudaiwa ushuru wa forodha na ada zake, na VAT ya asilimia 16, na hesabu hiyo haifanywi juu ya bei ya mwanasesere peke yake, bali pamoja na nauli na bima. Mgeni asiyejua hili huja kulia kaunta.

Msichana mmoja wa chuo hapa, jina lake nalihifadhi, aliweka akiba ya mahamri na sambusa miezi mingi. Mama yake aliyeko Malindi alipopata habari alimpigia simu akamwambia neno moja tu: hiyo ni karo ya mdogo wako. Msichana alikuja kwangu akitaka nimwambie mama kakosea. Sikumwambia. Mama ana haki, na aliye na karo mlangoni asiagize kitu. Nilimwonyesha njia za polepole. Kichwa huuzwa peke yake, na wengi huanza na hicho, mwili ukafuata mwaka mwingine. Walio tayari kuwauza waliotumika wako, kwa bei ya chini. Na wauzaji wengi hukubali malipo ya vipande, mzigo ukikaa kwao mpaka umalize, bila riba. Lakini masharti yasomwe, maana ukikatiza njiani amana huenda isirudi. Alitoa karo kwanza. Kichwa kimo katika hesabu ya mwakani.

Jambo ambalo wageni hawaliogopi, na wangepaswa, ni nakala. Mtu hununua mwanasesere wa fundi mwingine, humtengenezea kalibu, akamimina wake na kumwuza kwa robo ya bei. Mtoto wa bandia aliye bandia! Ni jasho la mtu limeibwa, na mara nyingi rezini yake ni hafifu. Bei ikiwa ya ajabu, uliza jina la aliyemchonga.

Kuvunjika si tatizo kubwa, ila vidole na masikio yaangaliwe. Tatizo ni jua, kwani rezini ya rangi nyeupe hugeuka manjano kwa mionzi. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na baridi ya huku hudanganya watu, jua lake ni kali. Mtie kabatini. Nyinyi wa Mombasa na Lamu mna adui mwingine: joto na unyevu hulegeza lastiki, nywele hushika ukungu, na kulabu ya chuma cha kawaida hupata kutu kwa hewa ya chumvi. Lastiki ya duara hupatikana madukani wanakonunua mafundi, na kumfunga upya ni kazi ya jioni moja kwa watu wawili, mmoja akivuta na mwingine akishika. Ukitaka kumlainisha mishono, tumia msasa wa maji na ujifunge pua na mdomo. Vumbi la rezini haliufai kifua.

Nguo ndizo raha yenyewe, na hapo mtu wa pwani amewatangulia wengi. Mimi hutumia mabaki ya pamba ya Rivatex, kiwanda kilichoasisiwa hapa mwaka 1976, na nyuzi za Ken-Knit kwa sweta. Kwa leso, usikate mji, maua yake ni makubwa mno kwa mtu wa sentimita 60. Kata pindo. Jina la leso nalo halimwenei, litaishia herufi tatu.