Istilahi ya "Nishati Safi" na Wasikilizaji wa Ogwedhi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la istilahi ambalo, kwa maoni yetu, halijaangaliwa vya kutosha na wale wanaoeneza habari za majiko bora na umeme wa jua vijijini. Mfano wetu ni Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Narok. Hapo Wajaluo na Wamaasai hupakana, na Kiswahili huwa daraja baina yao. Ujumbe ulioandikwa Nairobi kwa Kiingereza aghalabu hufasiriwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha za nyumbani, ndipo upelekwe redioni, katika Facebook na katika vikundi vya WhatsApp. Katika kila kivuko neno huacha mzigo mmoja na kupakia mwingine.

Tukianza na nishati, Tanzania ina Wizara ya Nishati, ilhali Wakenya husema Wizara ya Kawi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yote mawili yananuka ofisi. Mpishi hasemi kwamba amekwenda kutafuta kawi, amekwenda kutafuta kuni. Hili si tatizo kubwa. Mtu hujifunza neno geni akiwa na haja nalo, kama Wakenya walivyojifunza stima.

Tatizo kubwa limo katika kivumishi safi. Kwa Kijaluo safi ni maler. Lakini maler ni takatifu vilevile: ndilo neno lililomo katika Roho Maler, yaani Roho Mtakatifu, na ler ni nuru. Mfasiri akisema teko maler, "nguvu safi", amefasiri sawasawa, na hata hivyo muumini wa makanisa ya Roho hatalaumiwa akidhani anaitwa ibadani.

Tena kuna suala la adabu. Safi huita kinyume chake, chafu. Kumwambia mama mwenye nyumba kwamba kuni si nishati safi ni kumwambia kwamba meko aliyoyasiriba kwa mikono yake ni machafu, naye huenda amekwisha kukuandalia chakula juu ya meko hayo.

Umeme wa jua nao una utata wake. Chieng' kwa Kijaluo ni jua na pia ni siku. Enkolong kwa Kimaasai ni vivyo hivyo. Mach ni moto, tena ni taa ya umeme. Hivyo mach mar chieng', likiandikwa peke yake chini ya picha, laweza kusomwa kama taa ya mchana, ilhali faida yote ya taa ile huanza jua likishatua. Msemaji wa redio, au wa ujumbe wa sauti, hupata nafasi ya kueleza kwamba chombo hunywa jua mchana na kuwaka usiku. Isitoshe, maandishi ya kawaida ya Kijaluo hayaonyeshi toni. Sauti huibeba yote. Kwa sababu hizo twaona ujumbe wa sauti wafaa zaidi kuliko bango.

Ufumbuzi mmoja ulikwisha kupatikana zamani. Jiko la udongo uliochomwa, lililobuniwa katika miaka ya 1980 na kuitwa Maendeleo, lilikuja kujulikana Kenya ya magharibi kwa jina la Upesi. Jina hilo halitaji usafi wala nishati. Lataja wakati, kitu ambacho mpishi hukipima kila siku. Moshi nao watajika bila istilahi yoyote: kwa Kijaluo ni iro, na kila jicho jikoni lalijua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Lakini msemaji aseme "jiko lipunguzalo moshi", asiseme "lisilo na moshi", maana Upesi bado hula kuni.

Limebaki neno wenyeji, ambalo wafasiri hulitumia kwa wepesi mno wanapotaja miradi ya jamii asilia. Katika mpaka uliowahi kuona mapigano ya Wajaluo na Wamaasai, kuuliza nani mwenyeji ni kuuliza ardhi ni ya nani. Mradi wa serikali wa umeme wa jua ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 ulilenga kaunti 14. Narok imo, Migori haimo. Ujumbe wa WhatsApp haujui mpaka huo. Ukisema "wenyeji" bila kutaja kaunti, utasomwa pande zote mbili, na kila upande utajihesabu.