Gari la Kale la Marehemu Baba: Hukumu za Kulifufua na Kulifurahia

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu yetu wa Iringa anauliza: Baba yake amefariki na kuacha Datsun ya zamani ya milango miwili, gari la spoti alilolipenda sana. Limekaa bandani miaka mingi. Yeye anataka kulifufua nyumbani kidogo kidogo, kisha aliendeshe siku za mapumziko hadi Mbeya kuwatembelea jamaa. Mama na ndugu zake wamenyamaza. Kuna aliyemwambia kuwa hiyo ni israfu tupu. Je, sheria inasemaje?

Tutaeleza mambo haya moja baada ya jingine, kwa sababu swali hili lina maswali kadhaa ndani yake.

Je, kulipenda gari la kale ni haramu?

Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Allah (Subhanahu wa Taala) ametaja katika Suurat an-Nahl, aya ya 8, kuwa ameumba farasi, nyumbu na punda ili watu wawapande, na pia wawe pambo. Kwa hiyo uzuri wa kipando ni miongoni mwa neema zilizotajwa, si aibu kuufurahia.

Mapenzi ya magari haya yana historia katika nchi zetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Wazee wengi waliokuwa vijana zama hizo waliyapenda magari hayo kwa sababu waliyaona yakishinda tope na vumbi la barabara zetu.

Lakini Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na al-Bukhari na Muslim, kuwa farasi ni wa namna tatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa mwingine ni mzigo wa dhambi. Aliyemfuga kwa kujionyesha na kujifaharisha ndiye aliyebeba mzigo. Farasi ni yule yule, ila nia na matumizi ndiyo yaliyotofautiana. Gari nalo ni hivyo hivyo.

Kwanza: gari hili ni la nani?

Hapa ndipo penye uzito wa swali, na wengi hupapita haraka. Baba akifariki, mali yake haiwi ya mtoto anayeipenda zaidi. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, inakuwa ya warithi wote kwa mafungu aliyoyapanga Allah katika Suurat an-Nisaa, aya ya 11 na 12. Gari bovu lililo bandani nalo ni mali.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na wazazi wake hawako hai. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Saba zinazobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata sehemu ya wanawake wawili. Kila binti atapata sehemu moja, na kila kijana mbili. Gari likithaminiwa na fundi mwaminifu kuwa ni shilingi 4,000,000 katika hali lililonayo, mama ana 500,000, kila binti 500,000, na kila kijana 1,000,000. Basi kijana anayelitaka gari anamiliki robo tu. Ili liwe lake awalipe wenzake 3,000,000, au lihesabiwe katika fungu lake la mirathi nzima, au kila mwenye haki aliyebaleghe na mwenye akili timamu amwachie kwa ridhaa yake.

Ukimya wa mama na dada si ridhaa. Huenda wanaona haya, au wanachelea ugomvi. Awaulize waziwazi, kila mmoja peke yake, na makubaliano yaandikwe. Ikiwa kuna mrithi mdogo, hakuna mwenye ruhusa ya kusamehe fungu lake.

Akianza kutengeneza kabla ya hapo, anajiletea matatizo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, anayetumia fedha zake kwenye mali ya shirika bila idhini ya wenzake huhesabiwa kuwa amejitolea, hawezi kuwadai. Akitia milioni tano kisha dada zake wakataka haki yao, ugomvi utakuwa mkubwa kuliko gari lenyewe. Kwa upande wa serikali, apatikane msimamizi wa mirathi kupitia mahakama. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya Kiislamu. Baada ya hapo ndipo kadi ya gari ihamishwe TRA kwa jina la mmiliki mpya.

Israfu inaanzia wapi?

Israfu haipimwi kwa ukubwa wa fedha peke yake. Anayelipa kabureta kwa fedha ya ziada hayuko sawa na anayelipa kwa ada ya shule ya mtoto. Abu Dawud amepokea kuwa inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha. Basi mwenye gari ajiulize: Je, nafaka, kodi na matibabu ya nyumbani vimetimia? Je, nina deni lililofika muda wake? Je, nimechukua mkopo wa riba kwa ajili ya kupaka rangi? Kama jibu la mwisho ni ndiyo, hiyo ni haramu hata kama gari ni la kazi.

Njia salama ni kuweka kiwango cha mwezi na kutokukivuka. Gari la kale halina haraka. Aanze na yanayolinda uhai, yaani breki, usukani na matairi, kisha injini. Rangi na viti vije mwisho. Wengi huanza na rangi, fedha ikaisha, gari likabaki linang'aa lakini halina breki.

Usalama ni wajibu wa kisheria

Allah amekataza katika Suurat al-Baqara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizi. Nyanda za Juu Kusini zina mitihani yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga au ule wa Mbalizi, breki zikipata moto mafuta hayo huchemka na pedali ikazama bila kushika. Gari lililolala miaka mingi libadilishwe mafuta yote ya breki, mipira ya masta silinda na mipira ya magurudumu, kabla ya kutoka getini. Na dereva ashuke kwa gia ndogo.

Hewa ya Mbeya, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa Dar es Salaam itatia petroli nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, plagi nyeusi na mafuta kupotea bure. Fundi aipange upya, na ikibidi aweke jeti ndogo zaidi. Kupoteza petroli kwa uzembe nako ni israfu.

Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara. Na asifanye jaribio la mwendo kwenye barabara ya watu. Uhai wa mpita njia haujaribiwi.

Haki za jirani na fundi

Msingi mashuhuri wa sheria ni kuwa hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Kuunguruma kwa injini usiku, moshi unaoingia dirishani kwa jirani, oili chafu inayomwagwa mtaroni, yote ni madhara. Oili ikusanywe kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaoipokea.

Fundi makenika na fundi bodi wapatane naye ujira kabla ya kazi, na alipwe akimaliza. Neno "tutaelewana baadaye" ndilo chanzo cha kesi nyingi.

Zaka, mashindano na kuuza

Gari la matumizi binafsi halina zaka, kwa hadithi ya al-Bukhari na Muslim kuwa Muislamu hana zaka juu ya farasi wake. Lakini fedha zilizowekwa akiba kwa ajili ya matengenezo, zikifika nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu kwa hesabu ya wanachuoni wengi wa sasa) na zikapitiwa na mwaka, zitolewe asilimia 2.5. Aliyenunua gari bovu kwa nia ya kulifufua na kuliuza amefanya biashara, naye atoe zaka ya thamani yake kila mwaka.

Mashindano ambayo kila dereva hutoa fedha na mshindi akazoa zote ni kamari. Kuwekeana dau pembeni nako ni hivyo hivyo.

Akiliuza, aeleze kasoro. Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alimkemea muuza chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu, kama alivyopokea Muslim. Puti iliyofunika kutu na kupakwa rangi ni mfano wa chakula kile.

Muhtasari wa jibu

Kulifufua gari hilo kunajuzu kwa masharti: mirathi igawiwe kwanza, fedha iwe halali na ya ziada, isiwepo riba wala kamari, na watu wasidhurike. Akilitumia kuunga udugu, kumpeleka mama hospitali na kumbeba mzee kwenda swala ya Ijumaa, kila safari ina ujira in shaa Allah. Na akimwombea baba yake dua, hilo litamfaa marehemu kuliko gari kung'aa.

Tunamwomba Allah awarehemu wazazi wetu na atujaalie kuridhika na mafungu yake.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.