Kiwanda cha Chai: Jani Linapopanda Mkanda (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliliacha jani kwenye vitanda vya kunyaushia, ambako hupulizwa hewa kwa saa 12 hadi 18 mpaka unyevu wake ushuke kufikia asilimia 70 hivi. Leo tunalifuata likiingia kwenye mashine zilizounganishwa kwa mkanda mmoja. Wengi hudhani mashine huunganishwa hivyo ili kuharakisha kazi. Kasi ipo, lakini faida kubwa ni kuutawala muda.

Roli mbili zenye meno huzunguka zikielekeana, moja ikienda kasi mara kumi ya mwenzake. Jani likipita katikati hukatwa, hupasuliwa na kuviringishwa papo hapo. William McKercher aliibuni njia hii huko Assam miaka ya 1930. Seli zikishapasuka, vimeng'enya hukutana na hewa, na kijani huanza kugeuka rangi ya shaba. Jani likibebwa kwa makarai na kutandazwa sakafuni, fungu la kwanza hupitiliza wakati la mwisho bado bichi. Mkanda wa kuchachushia, unaotambaa polepole huku ukipulizwa hewa yenye unyevu, huipa kila chembe muda uleule, aghalabu saa moja hadi moja na nusu, kisha huimwaga kwenye kikaushio kinachouzima mchachuko na kuacha unyevu wa asilimia 3 tu.

Watu husema: mashine moja ikikwama, kiwanda kizima kimekwama. Ni kweli, na roli hazikawii kuwa butu. Lakini dawa yake ni kuweka akiba pale jani linapovumilia kusubiri, yaani vitandani, kabla halijakatwa. Kuwa na mistari miwili badala ya mmoja mkubwa. Na roli za ziada zilizokwisha kunolewa.

Pingamizi la ajira ni zito zaidi. Wabebaji wa makarai hupoteza kazi, na anayeahidi kwamba mkanda utawaajiri wote upya anawadanganya. Hata hivyo, kwa wakulima wadogo wa Kenya, chai iliyochachuka ovyo hushusha bei kwenye mnada wa Mombasa, na bei ikishuka bonasi hupungua kwa maelfu ya familia. Hasara hiyo ni pana kuliko ile ya kwanza.

Msomaji mwenye hisa katika kiwanda cha kwao na aulize kwenye mkutano mkuu: jani lililokatwa hukaa dakika ngapi kabla ya kufika kwenye kikaushio?